Kioo cha Upande wa Mama

Mama yangu hawezi kumpita mtu barabarani bila kusalimiana naye. Kwao Kimamba, ambako babu aliletwa kukata mkonge, mtu mzima akipewa shikamoo na kukaa kimya, kesho yake inasemwa ameanza maringo. Kwa hiyo mama akipanda gari, kidole chake kinakaa kwenye swichi ya kioo tangu tunatoka uani.

Kwa muda mrefu gari hilo lilikuwa langu. Ninaishi Mikumi, na kila mwezi nilikuwa namfuata Kimamba nimpeleke kliniki ya presha Kilosa mjini. Halafu kioo cha upande wake kikaanza uvivu. Mama anabonyeza, mota inanguruma, kioo kinashuka kwa kujivuta. Watoto wa shule wanamwamkia, "Shikamoo bibi!" Kioo kikija kufunguka, "Marahaba wajukuu!" yake inawapata wafugaji walio mbele na ng'ombe wao, ambao wala hawakumsalimia.

Ndipo mdogo wangu wa kike akahamishiwa kazi Kilosa kutoka Dar, na gari lake jipya. Kioo chake unagusa tu, kinashuka chenyewe mpaka chini. Mwezi huohuo mama akanipigia simu.

"Mwanangu, usijisumbue kutoka huko kote. Mdogo wako atanipeleka. La kwake kioo kinafunguka."

Nilimjibu, "Sawa, mama." Haikuwa sawa hata kidogo. Nilimwonea mdogo wangu wivu mpaka chakula kikanishinda. Huyu alibebwa mgongoni mpaka miguu inaburuzika, mimi nipo jikoni na moshi. Sasa amekuja kuchukua na kliniki! Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilizidiwa.

Fundi wa umeme wa magari alikuwa amesafiri, na mimi sikuwa na subira ya kumngoja. Nilianza na swichi. Nilibonyeza ya upande wa mama, kisha ile ya upande wa dereva inayoendesha kioo hichohicho. Uvivu ulikuwa uleule, kwa hiyo swichi haikuwa na kosa. Na fyuzi ingekuwa imeungua, kioo kisingesogea kabisa. Niliwasha injini ili umeme uwe wa kutosha, kikaongeza mwendo kidogo tu. Mwisho nilibonyeza swichi ya kupandisha huku nimekibana kioo kwa viganja, kimoja ndani na kimoja nje, nikikisaidia kwenda juu. Kikapanda bila shida. Mota ilikuwa nzima. Kilichokuwa kinakishika kioo ni zile raba za pembeni ambamo kinapita.

Raba hizo nilikuwa nimezipaka grisi mwenyewe. Huku kwetu chochote kikikaza kinapakwa grisi, iwe bawaba au mnyororo wa baiskeli, na kioo kilipoanza kuchelewa sikufikiri mara mbili. Vumbi la barabara ya Kilosa likakuta pa kukaa. Nilichokonoa kwa kijiti nilichokiviringishia kitambaa, likatoka tope jeusi. Nikasugua kwa maji ya sabuni, nikaacha raba zikauke, kisha nikapuliza dawa ya raba isiyonasa vumbi. Muda wote huo nilikuwa nasema na mdogo wangu kana kwamba yupo pale: gari jipya, eti gari jipya, tutaona.

Siku ya kliniki nilifika Kimamba kabla ya mdogo wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona wewe tena?"

"Kioo kimepona."

Alikijaribu kabla ya kukaa vizuri. Kikashuka, kikapanda. Akacheka na kunipiga begani, "Wewe ni mwanangu kweli!" Akampigia mdogo wangu simu asihangaike kuja. Nilifunga mlango wake kwa raha, nikazunguka kwenda kwenye usukani kama bwana harusi.

Karibu na stesheni tuliwakuta wanawake wa rika lake wakipanga mboga. Mama akabonyeza, na kioo kikawa chini kabla sijapunguza mwendo. Akatoa kichwa na mkono.

"Jamani, mmeamkaje? Mmesikia? Mwanangu wa Dar amerudi! Anafanya kazi hapo Kilosa, na gari lake, mtaliona!"

"Hongera, mama!" wakapiga vigelegele.

Aliwatangazia hivyohivyo wote tuliowapita mpaka tunaingia Kilosa, na hakuna hata mmoja aliyekosa kumsikia.