Gari Tupu Halina Ugonjwa

Nakumbuka asubuhi moja kwenye gereji pale Mkuyuni, Mwanza, miaka ile ya tisini soko huria lilipofunguliwa na kila mtu akageuka mfanyabiashara, nikitia sahihi karatasi iliyosema gari ni zima na dereva ndiye mbovu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mengi ya mwaka ule nimeyasahau, mwanangu, lakini karatasi hiyo imekataa kusahaulika.

Umeniuliza swali dogo tu: gari lako linayumba kwenye barabara ya vumbi, ununue shokapu za aina gani. Ungekwenda dukani ungejibiwa kwa dakika mbili. Umekuja kwangu, basi kaa. Nimechoka, na sisemi uchovu wa magoti. Nasema uchovu wa kueleza jambo lile lile kwa watu wenye haraka. Hata hivyo nitalieleza tena.

Nilipomaliza chuo kikuu na shahada yangu ya uhandisi, kampuni ya umma ambayo ingeniajiri ilikuwa imeshafungwa, geti lina kutu. Nikarudi Mwanza, kwa mama yangu, mtaa wa Pasiansi, na vyeti vyangu na mdomo wangu. Mdomo ulikuwa mkubwa kuliko vyeti. Padri akisema, nauliza kwa nini. Mjomba akisema, nauliza nani kathibitisha. Methali ndizo nilizozichukia hasa. Niliona ni njia ya wazee kumaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Mama alikuwa akiniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami namjibu, "Mama, wasiosikia nawajua wengi, na wote wana miguu miwili." Lishike hilo guu, mwanangu, tutalirudia.

Tajiri mmoja wa samaki, Bwana Magesa, mtu wa Mara, akanichukua nimwangalizie magari yake. Siku hizo sangara alikuwa dhahabu. Viwanda vya minofu vilikuwa vimeota ufukweni kama uyoga, na Magesa alikuwa na Landkruza tatu, zilizotumika kwanza huko nje, kila moja imefungwa sanduku kubwa la bati lenye kuta za sponji za kuhifadhi baridi. Zilikwenda mwaloni, kule ufukweni wavuvi wanakoshusha samaki, mbele ya kijiji cha Usagara, zikajazwa samaki na barafu, zikarudi mjini.

Fundi mkuu wa gereji alikuwa Mzee Bugumba, Msukuma aliyechunga ng'ombe utotoni na kujifunza ufundi kwenye malori ya pamba. Darasa la nne lilikuwa limemtosha. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeshampita.

Siku moja akaja Masanja, dereva wa gari la pili.

"Dada injinia," akasema, "hili gari likifika kwenye kona linaaga kama mgeni wa Kisukuma. Linasema kwaheri, linarudi kusalimia, linasema kwaheri tena. Mimi kwenye usukani namsubiri mgeni aondoke, haondoki."

Gereji nzima ikacheka. Mimi nikatoa daftari.

"Linayumba mara ngapi kila kona?"

"Sijahesabu. Nilikuwa naomba Mungu."

"Ni wakati wote?"

"Hapana. Likitoka mwaloni na barafu yake mpya limetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Shida inaanza tukiikaribia Usagara."

"Kuna nini Usagara?"

"Nitajuaje? Wewe ndiye uliyesoma."

"Unafika pale umechoka," nikamwambia. "Hicho ndicho kilichopo."

Naomba ulisikie jibu langu vizuri. Nilikuwa nimeuliza swali lenyewe hasa, lile lililobeba kila kitu, kisha nikalijibu mwenyewe na kufunga daftari.

Jambo lilikuwa zito kuliko nilivyolichukulia. Samaki wa Masanja walikuwa wanafika wamepondeka, kiwanda kinawakataa, na Magesa alikuwa ameamini kwamba jamaa anakimbiza gari ovyo. Masanja naye alikuwa anajenga kule Mkolani. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta. Magesa akaniita pembeni. "Injinia, nipe jibu kwa maandishi. Kama ni gari, litengeneze. Kama ni mtu, namtoa."

Nikaingia chini ya gari. Shokapu zote nne zilikuwa zinavuja mafuta, jambo lililonifurahisha sana, maana ugonjwa unaoonekana ni rafiki wa msomi. Zamani za uhaba mafundi walikuwa wakikata mpira wa tairi kuukuu kutengeneza bushi, zile raba za kwenye maungio. Sasa maduka yamejaa, na nikapata shokapu za kisasa zenye pete ya kuzungusha, yenye namba moja hadi tano. Ukiweka moja, shokapu ni laini. Ukiweka tano, ni ngumu. Nikazifunga. Nikaweka tano, zote nne. Kama ugumu unapunguza kuyumba, ugumu mwingi utapunguza zaidi. Nani angebisha?

Nikalijaribu gari kwenye lami, mpaka Nyegezi, hapo karibu tu, na kurudi, likiwa tupu, nikilipinda kushoto na kulia makusudi. Halikuyumba. Lilisimama kama askari kwenye gwaride.

Mzee Bugumba alikuwa ananiangalia, amekaa juu ya tairi.

"Mayu," akasema. Ni neno la heshima la Wasukuma kwa mama, na yeye aliniita hivyo ingawa ningeweza kuwa mjukuu wake. "Gari tupu halina ugonjwa. Kesho nenda nalo mwaloni. Kaa kule nyuma pamoja na samaki, urudi nalo mpaka hapa. Halafu utaniambia."

"Mzee, kuna vipimo. Kitabu kinasema..."

"Kitabu kimeshapanda hilo gari?"

Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi.

"Na hizo tano zako zishushe," akaendelea taratibu. "Ng'ombe ukimkaza nira kupita kiasi havuti. Anaruka."

"Sikusoma miaka minne nije kukalia samaki," nikamjibu.

Nililisema hilo, mwanangu, kwa sauti, mbele ya watu. Mzee akachukua spana yake akarudi kazini, nami nikadhani nimeshinda.

Basi nikaandika. Magesa akaisoma karatasi mbele ya wote: gari limejaribiwa, ni zima, kasoro ni ya uendeshaji. Akampa Masanja mpaka mwisho wa mwezi ajirekebishe. Masanja akanigeukia.

"Dada injinia, umelipanda lakini?"

"Nimelipanda."

Na kweli nililipanda. Mpaka Nyegezi.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, tukapata habari kwamba gari limelala ubavu kabla ya kufika Usagara, kwenye kona ya daraja dogo. Tulikwenda mimi, Magesa na Mzee Bugumba. Wakulima wa pamba walikuwa wamemtoa Masanja na kumweka kivulini. Alikuwa mzima wa akili, amekunja uso, na mguu wake wa kushoto, chini ya goti, ulielekea mahali ambapo mguu hauelekei.

Tulipokwisha kumpakia kumpeleka hospitali kwa gari la msamaria mmoja, nikaona maji. Mlango wa sanduku ulikuwa umefunguka, samaki wametapakaa, na maji ya barafu yalikuwa yamejaza mtaro mzima, kana kwamba kisima kimepasuka pale. Mzee Bugumba akapapasa chini ya sanduku, mahali penye tundu la kutolea maji. Akachomoa kijiti kilichoviringishwa kitambaa.

"Nani aliziba?" nikauliza.

"Mimi niliamuru," Magesa akasema. "Watu wa mjini wanalalamika, maji yananuka barabarani."

Haikuwa siri. Gereji nzima ilijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza mtu.

Hapo ndipo nilipoielewa Usagara. Barafu mpya ni jiwe, inakaa ilipowekwa. Ikifika nusu ya safari imekuwa maji, na maji hayana pa kutokea. Gari likiinama kushoto nayo yanakimbilia kushoto. Gari linataka kurudi, maji bado yanakwenda. Huyo ndiye aliyekuwa mgeni wa Masanja anayeaga asiondoke. Na mimi nilikuwa nimeongeza balaa juu ya balaa. Barabara ile ilikuwa na vituta vidogo mfululizo, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Juu ya mbavu zile, shokapu zilizokazwa namba tano haziwezi kuliacha gurudumu lishuke upesi kuifuata ardhi. Linarukaruka tu juu juu. Mwanzoni gari liliyumba, lakini lilikuwa limeikamata ardhi. Nililiponya kuyumba kwa kulinyang'anya miguu.

Tukiwa njiani kurudi, Mzee Bugumba alikuwa amekishika kile kijiti mapajani. Nilikuwa nangoja anifokee. Ningepata pa kujitetea. Akasema kwa upole, kama mtu anayezungumza na dirisha:

"Mayu, wewe unauliza kwa nini kwa kila mtu. Ni swali zuri, usiliache. Ila ukishauliza, unajijibu mwenyewe."

Mpaka leo, nikimuuliza mtu jambo, namsikia pembeni ananingojea ninyamaze.

Kesho yake tulikwenda kumwona Masanja. Mguu ulikuwa kwenye plasta mpaka juu ya goti. Magesa alikuwa na karatasi yangu mfukoni. Akaitoa, akaikunjua juu ya kitanda cha mgonjwa.

"Masanja, nakupa pole. Lakini kazi siwezi kukurudishia. Injinia alishaandika."

"Bwana Magesa, karatasi hiyo si ya kweli," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nililijaribu likiwa tupu. Sikujua nilichokiandika."

"Ulitia sahihi."

"Nitaandika nyingine nitie sahihi nyingine."

Masanja alikuwa amefumba macho. Akafumbua moja.

"Hiyo ya pili, dada, utaipanda kwanza?"

Nilicheka nikilia, kitu ambacho sikujua kinawezekana.

Niliipanda. Siku iliyofuata nilikwenda mwaloni na gari jingine la Magesa, tundu lake limezibwa vilevile, nikamwomba dereva aende mwendo wa kinyonga. Nikakaa kule nyuma, mlango wa sanduku wazi, sketi imelowa, magamba mpaka kwenye nywele. Kwa nusu ya safari, kimya. Tulipokaribia Usagara nikasikia kitu kizito kinaamka chini yangu, kikageuka upande kama mtu kitandani, kikageuka tena. Nikaogopa. Nikagonga bati dereva asimame. Masanja alikuwa akiendesha hivyo kila siku, kisha anakuja gereji kutuchekesha.

Karatasi ya pili ilikuwa fupi. Tukazibua matundu, tukafunga mpira wa kupeleka maji kwenye dumu ili mji usinuke. Tukagawanya sanduku kwa mbao ndani, maji yasipate uwanja wa kukimbilia. Shokapu tukazishusha: mbele namba mbili, nyuma namba tatu, na hata hizo tulizipata kwa kwenda na kurudi na mzigo mara nyingi, Mzee Bugumba akiniuliza kila mara, "Mgongo wako unasemaje?" Magesa akakubali, kwa shingo upande. Masanja alirudi kazini baada ya miezi mingi, na nyumba ya Mkolani ikapata bati.

Lakini mguu ulipona vibaya. Mpaka alipostaafu, Masanja alitembea akiyumbia kushoto kila hatua. Nilikuwa nikimwona anakuja toka getini, na macho yangu, kwa mazoea tu, yanatafuta pete ya kuzungusha. Haikuwepo.

Ndiyo maana ile methali ya mama sijawahi kupatana nayo, ingawa sasa nina mvi. Inasema asiyesikia huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, mwanangu, na miguu yangu hii hapa, mizima yote miwili. Guu lililovunjika ni la aliyekuwa anasema.

Basi swali lako. Usinunue shokapu kabla hujajua gari linabeba nini, wapi, na nani anakaa ndani yake. Springi ndiyo inayobeba mzigo. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi, kwa hiyo usiitwishe kazi isiyo yake. Angalia bushi kwanza, na upepo wa tairi, na kile kinachotembea ndani ya mzigo. Anza na namba ndogo, uongeze polepole, ukiwa na mzigo, kwenye barabara yenyewe na siyo kwenye lami ya kujifurahisha. Gari likiacha kuyumba lakini likaanza kuruka, rudi nyuma, umekaza nira.

Endelea kuhoji kila kitu, sikukatazi, hata haya yangu yahoji. Ila ukiuliza, nyamaza mpaka ujibiwe. Na anayelalamika, hata akilalamika kwa utani, kakae kwanza kwenye kiti chake kabla hujachukua kalamu.

Nenda sasa, nipumzike. Mungu akujalie sikio lililo pana kuliko cheti chako. Barabara ikupeleke na ikurudishe. Na katika maisha yako yote, asiwepo mtu atakayechechemea kwa sababu ya sahihi yako.