Jina la Mwenye Kisima

Juzi mjini Tarime, kwenye duka la kuchapisha, daktari wa wagonjwa mahututi alikuwa akitoa orodha ya tafiti zake apeleke kazini, apandishwe cheo. Karatasi zilitoka mpaka sisi wa foleni tukaanza kuguna. Mama mmoja wa kijiji cha Nyangoto, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, akachungulia.

"Mwanangu, zote hizi zako?"

"Shikamoo mama, nimekukumbuka. Zangu. Hii ya mashine za kupumulia. Hii ya maji ya visima vya kwenu."

"Marahaba. Na majina yote haya?"

"Tulioshirikiana. Wa kwanza ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ni bosi."

Mama akapitisha kidole kwenye majina, polepole. "Mimi niko wapi? Mlikuja kisimani kwangu mara tatu."

Foleni ikacheka. Daktari naye akacheka, akaomba kalamu, akamwandika mwishoni.

"Hapo si pa bosi?" mama akauliza. "Mimi nilivuta maji."

Daktari akakata, akamwandika mwanzoni. Wakubwa wake wakiuliza huyo ni nani, mimi ni shahidi: viganja vya mama vina sugu za kamba ya kisima.