Chombo cha Bibi Uani

Sisi tuliokulia katika kambi ya wakimbizi tulijifunza Kiingereza huku vumbi limejaa puani. Mnakumbuka uji wa asubuhi, foleni ya maji, na wale walimu waliopenda misemo ya Wazungu kuliko hesabu? Siku moja mwalimu wetu alitufundisha kwamba huko kwao mvua kubwa hunyesha paka na mbwa. Nilimkimbilia bibi na habari hiyo.

"Paka na mbwa?" akasema, akipepeta mchele. "Na mchu wa kufagia huwapata wapi?" Mchu ndiye mtu, kwa Kibajuni chetu. Tulicheka hadi mama akatutuma kuni.

Wiki iliyofuata mwalimu akataka kila mmoja asimame darasani aeleze msemo wa kwao. Mimi hata kuitikia jina nilikuwa naona haya. Bibi akanipa ule aliousema kila tulipomuuliza tutarudi lini Chula, kisiwa chetu: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Niliujua kwa moyo, lakini kisiwani nilitoka mgongoni mwa mama, vita vilipoingia. Chombo cha baharini sikukijua.

Bibi akachukua kijiti, akakichora uani, kirefu kama hema letu. "Tezi nyuma huku. Omo mbele kule. Haya, nenda."

Nikaenda, nikarudi, jua likaniwakia. "Nimechoka, bibi."

"Kaa basi." Nikakaa katikati. "Hapo ndipo ngamani, tumboni mwa chombo. Mchu hutembea weee, akichoka hurejea papo."

Darasani nilisimama, nikaokota kijiti. Nikachora chombo mchangani, nikatembea, nikakaa. Watoto wa Kisomali wakaanza kutembea nami, kisha mwalimu naye akaingia chomboni.

Kile cha uani upepo ulikifuta kila usiku, na bibi alikichora tena kila asubuhi, omo ikielekea Chula. Alizikwa kulekule kambini.

Siku hizi nakaa Mombasa. Mpwa wangu akitaka maana ya msemo huuliza simu, nayo humjibu kabla hajamaliza kupiga miayo. Juzi nilimpa ule wa bibi.

"Mtu hurudi kwao," akasoma, macho hayajainuka.

Simu haikukosea. Hata hivyo nilitafuta chaki, nikamchorea chombo sakafuni. Akatembea kwa uvivu, akachoka, akakaa.

"Na huku mbele kunaelekea wapi, mjomba?"

Nikamwonyesha ukuta wa kaskazini. "Chula." Kisha nikakaa karibu naye, ngamani, chai yetu ikapoa.