Kisu cha Asukile na Ndizi Nyeusi

Asukile hakuwa mhunzi, na kila aliyemletea jembe lililovunjika alijibiwa hivyo hivyo: "Mimi natunza stoo ya serikali. Chuma nafuga tu, kama wengine wanavyofuga njiwa." Ujanani alivuta mivukuto kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, na kazi ya moto akajifunza kwa macho. Mwaka 1955, akiwa na miaka arobaini na tisa, alijenga kibanda cha bati nyuma ya nyumba yake, mlimani juu ya mji wa Mbeya. Jumamosi, kazi ya ofisi ikiisha, alivaa aproni ya gunia akaingia humo kutengeneza visu.

Viwili vya kwanza vilivunjika. Cha tatu kilimchukua Jumamosi saba. Alikikata kutoka springi ya lori, akakipasha mpaka kikawa chekundu, akakiponda juu ya kipande cha reli ya toroli, akakisugua kwa tupa. Kisha alikipasha tena na kukitumbukiza kwenye mafuta machafu ya gari, na mwisho akakirudishia joto polepole mpaka kikapata rangi ya nyasi kavu, ili kiwe kikali bila kuvunjika ovyo. Mpini ulikuwa wa mninga, umeshikwa kwa misumari mitatu ya shaba. Kilinyoa vinyweleo vya mkono wake.

Alimpa mkewe Sekela. Sekela akakigusa makali kwa kidole gumba, akasema, "Kikali." Neno hilo moja lilimtosha Asukile miaka miwili.

Aprili 1957 mtoto wao Isakwisa, fundi cherehani, alimleta nyumbani mkewe, Damari, Mbena wa Mlandege, Iringa. Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani, wala hawasemezani, na ubatizo haukuufuta mwiko huo nyumbani kwa Asukile. Yeye akikatiza uani, Damari aliingia jikoni, au alichutama akampa mgongo, kanga usoni. Asukile naye hakukanyaga jikoni. Neno lilipitia kwa mtu wa tatu. Damari alijifunza yote hayo kwa wiki moja, akayashika kuliko waliozaliwa nayo, na Asukile akahisi mapema kwamba ndani ya utii ule mna dharau.

Tena alikuja na kisu chake mwenyewe, cheupe, cha dukani, kisichoshika kutu.

Mwezi Juni Sekela alikwenda Tukuyu kumwuguza dada yake, na jiko likabaki kwa Damari. Siku ya pili Isakwisa alikuja kibandani.

"Baba, Damari anasema kisu chako kinatia ndizi weusi. Anaomba atumie chake."

"Mama yako anacho mwaka wa pili huu. Umewahi kuona ndizi nyeusi kwenye sahani yangu?"

"Sijawahi."

"Basi mwambie ndizi za nyumba hii zinamenywa kwa kisu cha nyumba hii."

Jioni sahani ilikuja. Ndizi zilikuwa nyeusi kama mkaa uliolowa maji. Asukile alizila zote. Kesho yake zilikuja nyeusi zaidi. Siku ya nne alitupa jicho kwenye sahani ya mwanawe, akaona ndizi nyeupe pee. Mwanamke alikuwa anamenya mafungu mawili: la mkwe kwa kisu cha mkwe, la mumewe kwa kisu chake. Mtu aliyeagiza atasema amekaidiwa vipi?

Vita ikahamia uani. Damari akiwa jikoni alizungumza na kuku. Asukile akiwa kibandani alizungumza na nyundo.

"Wewe kuku," alisema Damari, "usinitazame hivyo. Anayekula nyeusi ndiye aliyeziagiza."

"Nyundo yangu," alisema Asukile, "dunia imekwisha. Mtu anatoka Iringa na kipande cha kopo, anakiita kisu."

"Kuku, kopo hili linamenya."

"Nyundo, kopo hilo lipelekwe kwenye mfupa wa ng'ombe tuone litarudi na nini."

"Kuku wangu, mara ya mwisho mfupa kuingia nyumba hii ilikuwa lini?"

Nyuma ya ua jirani alicheka mpaka akapaliwa. Asukile aliweka nyundo chini. Ndizi angezila mwezi mzima, lakini kicheko kile hakikumezeka. Akaapa kuonyesha kopo ni lipi na kisu ni kipi.

Jumamosi alimsikia Damari akiondoka kwenda mtoni na debe. Akavuka ua, akaingia jikoni, mara ya kwanza tangu alijenge. Kisu cheupe kilikuwa kwenye kichanja. Alikibana ncha kati ya mawe mawili ya jiko, akauegemea mpini. Kikapinda kama unyasi, na hakikurudi. Asukile akatabasamu peke yake.

Mlango ukawa giza. Damari alikuwa amerudi na debe la maji kichwani, na mwenye debe lililojaa hawezi kuchutama wala kujifunika kanga. Alisimama wima. Alitazama kisu, kisha akamtazama mkwe wake usoni.

"Baba, hicho ni cha mama yangu."

Asukile ndiye aliyegeuka. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja, paji la uso kwenye masizi ya ukuta.

"Na chako," Damari aliendelea, kwa kuwa sasa aibu ilikuwa imehamia upande wa pili, "kwa nyama na kabichi kinashinda changu. Nilimwambia Isakwisa akwambie. Lakini hakimenyi ndizi. Mama wa nyumba hii mwenyewe huzimenya kwa kile cha mpini wa kamba. Wewe hujui, kwa sababu huingii humu."

Asukile alipishana naye mlangoni bila kuinua macho. Isakwisa alikuwa barazani anakata suruali.

"Alikwambia kisu changu ni kizuri kwa nyama?"

"Aliniambia. Niliona la ndizi ndilo lenye haraka."

"Mwambie mhame. Mpaka Jumamosi ijayo."

Isakwisa hakuinua macho kutoka kwenye mkasi. "Kamwambie mwenyewe, Baba. Mmekwisha kuonana."

Asukile alisubiri mwanawe acheke, au ajirudi. Hakucheka, hakujirudi. Ilimbidi arudi mpaka mlango wa jiko, akaupa mgongo, uso kwa milima.

"Damari."

"Naam, baba."

Safari hii hapakuwa na kuku wala nyundo. Angeweza kusema neno lolote. "Mhame," akasema.

"Tutahama."

Hawakungoja Jumamosi. Jumatano kabla ya jua kupanda walishuka mjini na cherehani, godoro na masufuria mawili. Kisu kilichopinda Damari alikifunga ndani ya kanga. Cha Asukile alikiacha juu ya jiwe la kusagia, kimeoshwa na kupakwa mafuta.

Sekela hakuwa amerudi. Siku nne Asukile alijipikia. Kile cha mpini wa kamba kilikuwepo, kwenye kichanja, alikiona, wala hakukigusa. Alimenya kwa kisu chake, na utomvu wa ndizi mbichi ulipokutana na chuma ulimpaka weusi mpaka kwenye vifundo vya vidole na chini ya kucha. Alijaribu sabuni, mchanga, na limau. Ulififia kidogo, haukutoka.

Jumapili, mlangoni mwa kanisa, Filemoni aliyepanga watu kwenye viti alimshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Ee, Asukile! Mikono hii imepatwa na nini?"

"Mafuta ya gari," alisema Asukile, akaurudisha mfukoni.