Chatu Aliyekataa Kutoka Majini

Anayesema nyoka hana akili aje nimweleze. Chatu wa baba yangu alituonyesha anaumwa nini kwa siku tisa mfululizo, na watu wazima wenye mvi zao wakakaa kumzunguka wakajadili mizimu. Bado nina hasira. Watoto wangu huniambia, mama, si nyoka tu jamani, na miaka yote hiyo imepita! Waniache na hasira zangu, hawakuwepo.

Tulikuwa tunakaa Pasiansi, nyumba yetu imebanwa na mawe makubwa mawili, ziwa liko chini yetu. Baba alitokea Magu, na alikuwa mmoja wa wayeye, wale wacheza ngoma ya nyoka wa Usukumani. Huyo chatu jike alikuwa naye tangu mimi niko darasa la pili, na wakati ninaousimulia nilikuwa nimefika miaka ishirini na kitu. Mama alimwita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu halimi, hapiki, hateki maji, na bado ndiye anayependwa," alikuwa anasema, kisha anacheka, maana na yeye alimpenda. Kila mwaka baada ya mavuno baba alikwenda naye kwenye mashindano ya ngoma, akacheza naye shingoni mpaka watu wakasahau kufunga midomo. Bila yule chatu baba alikuwa mzee wa kawaida tu, anayekohoa asubuhi na kulalamikia chumvi.

Sasa wayeye wana miiko yao. Ambaye hajachanjwa dawa ya nyoka hamgusi nyoka, wala hazungumzii ugonjwa wake. Baba alimchanja kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa akiona nyoka anatafuta pa kupanda. Mimi niliyekuwa simwogopi sikuchanjwa. Kazi yangu ilikuwa maji. Palikuwa na pipa la chuma lililokatwa katikati, limekaa karibu na sanduku la chatu stoo. Nateka ziwani, napanda nayo kilima, najaza, kesho yake namwaga, najaza tena. Maji tu, basi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Biashara ya pamba ilikuwa imeshaachiwa huria na kila mtu amekuwa mfanyabiashara. Kaka alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, akafungua kibanda: mitumba, betri, sabuni za vipande, na dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Zamani dawa hiyo ililetwa na ushirika, bwana shamba anasimama anaeleza mpaka mnachoka. Kaka aliipima kwenye chupa za soda akaziba kwa gunzi la hindi. Hakuna karatasi, hakuna maelezo. Ukimuuliza kipimo anakwambia, "Kifuniko kimoja kwa ndoo." Kifuniko chenyewe hakipo, chupa ina gunzi!

Siku moja akaja na gunia linajongea. Ndani mna chatu wawili, wamekamatwa kwenye mashamba ya mpunga huko Magu. Kuna mtu Dar, akasema, anasafirisha nyoka hai kwenda Ulaya. "Wiki moja tu, baba, wakae na huyu wetu." Baba hakupenda, lakini mtoto wake wa kwanza alikuwa amepoteza kazi na alimwonea huruma. Wale wageni wakawekwa sanduku moja na chatu wetu, juu ya magunia yale yale. Wiki ikaisha, wakaondoka. Zikapita siku chache, chatu wetu akaingia kwenye pipa na hakutaka kutoka.

Siku mbili za kwanza hakuna aliyeshtuka. Chatu hupenda maji wakati wa joto, na akikaribia kujivua gamba huweza kukaa majini siku mbili tatu, macho yakiwa yamefifia. Siku ya tatu baba akamtazama macho. Yalikuwa maangavu. Siku ya nne tukampa kuku, akamgeuzia kichwa. Ikawa kila nikija kubadilisha maji baba anamnyanyua kwa nguvu anamrudisha sandukuni, na kabla sijamaliza kumwaga keshafika ukingoni mwa pipa, anasubiri.

Na mimi ndiye niliyekuwa namwaga yale maji. Nani mwingine angeona? Chini ya pipa palikuwa na vidoa vyeusi, mithili ya pilipili manga iliyosagwa. Mara ya kwanza nikadhani ni uchafu wa ziwa. Kesho yake nikachuja maji kwa kitambaa, tone kwa tone, nikajaza. Jioni pilipili imerudi. Nikachota kidogo kwa kidole nikasogea mlangoni kwenye mwanga. Mojawapo ikatembea.

Nilikaa pale chini nikawaza, na jibu halikunichukua muda, maana nyumba yetu ilikuwa na kuku. Kuku akiingiwa na utitiri huenda kujigaragaza vumbini. Anaoga vumbi ili wale wadudu wamtoke. Nyoka hana vumbi, ana maji. Kumbe mnyama anajitibu! Anawazamisha! Nikamtazama kichwani, nikawaona wengine wamejazana pembeni mwa macho na chini ya kidevu, kwa sababu pua lazima aitoe nje apumue, na pale maji hayafiki. Angeweza kukaa pipani mpaka Krismasi na asiwamalize. Alihitaji mtu amsaidie hapo kichwani tu, na yale magunia waliyolalia wale chatu wa kaka yachomwe moto. Mama alikuwa anapaka vifaranga mafuta kichwani wakishambuliwa na viroboto, na wanapona. Mafuta ya pamba tulikuwa nayo, debe zima.

Nikasema. Nataka ieleweke vizuri hapa: nilisema.

Mara ya kwanza baba alikuwa anakunywa chai. "Baba, maji ya chatu yana wadudu." Akasema, "Yabadilishe," akaomba sukari.

Mara ya pili walikuja wazee wawili wa ngoma kutoka Magu, kumsaidia baba kufikiri. Wakakaa stoo kwenye vigoda, wameligeuzia pipa mgongo! Mmoja anasema chatu anaitwa na ziwa, apelekwe akaogeshwe ufukweni na pombe imwagwe. Mwingine anasema mizimu ya kwao baba imekasirika, kwa nini wameletwa nyoka wa biashara nyumbani. Saa nzima, na hakuna aliyegeuka kuchungulia ndani. Nikaingia na chai, nikapiga goti. "Shikamooni." "Marahaba, mayu," wakaitikia, kama wanavyomwita mwanamke kwa Kisukuma. Nikawaambia, wazee wangu, mkitazama maji mtaona wadudu kama utitiri, tukimpaka mafuta kichwani kama vifaranga huenda akapona. Yule mmoja akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mayu, huyu si kuku!" Wakacheka wote. Baba naye akacheka. Wazee wale niliwasamehe kesho yake. Kicheko cha baba ndicho kilichonikaa.

Mara ya tatu nilimfuata baba peke yake, jioni, anafunga mbuzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanishika bega, taratibu kabisa, akasema, "Mambo ya nyoka yana wenyewe, mwanangu."

Tulifundishwa shuleni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Na mkuu asiyesikia la mdogo je, yeye anavunjika nini? Hilo hawakutufundisha.

Kwa hiyo nikamwambia kaka. Hapa hasira yangu inanigeukia mwenyewe, na siipunguzi. Baba alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Magu kuwaambia watu wa mashindano kwamba huenda asicheze. Kaka akanisikiliza, akaenda akachungulia pipani, akapiga kofi pajani. "Wadudu kweli! Sasa si mngesema? Dawa ninayo!"

"Siyo hiyo," nikasema. "Hiyo ya shambani. Huyu analala kwenye maji, anayanywa."

"Wewe unajua nini? Inaua funza wa pamba, itashindwa na hivi vidudu? Hebu teka maji mapya."

Na nikateka. Haki ya Mungu, nilishuka ziwani mwenyewe na ndoo mbili, nikapanda, nikashuka tena. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Yeye alikuwa kaka yangu, amechanjwa, mimi sikuchanjwa, ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimefurahi. Mtu mmoja katika nyumba ile alikuwa amekubali kwamba wadudu wapo. Nilikuwa na kiu ya kukubaliwa kiasi kwamba ningeteka ziwa zima.

Akang'oa gunzi akamimina. Maji yakawa meupe, harufu ikajaa stoo mpaka macho yakawasha. Baba alikuwa amemfungia chatu sandukuni kabla ya kuondoka. Kaka akafungua kifuniko, na yule mnyama akaja moja kwa moja, akapanda ukingo, akaingia. Aliingia mwenyewe. Siku zote tisa maji yalikuwa yamempa nafuu, angeyaogopa kwa nini?

Haikupita nusu saa, mkia ukaanza kutetemeka. Nikaona kichwa kinapinduka, kidevu kinatazama juu, hawezi kukirudisha. Nikatumbukiza mikono yote miwili. Mwiko ukaniacha, sijui ulikwenda wapi. Nilimvuta nje mzima mzima, mzito ajabu, ninapiga kelele mama alete maji safi, na mama akaleta, tukammwagia ndoo baada ya ndoo. Alijizungusha mkononi mwangu kidogo, kisha akalegea. Saa nane mchana alikuwa amekufa.

Kaka alisimama mlangoni. Akainama akamtazama kichwani, pembeni mwa macho. Akasema, "Lakini wadudu wamekufa."

Nilimzaba kofi. Mimi mdogo mtu, mbele ya mama, nikamzaba kaka yangu kofi ambalo nadhani anaendelea kulisikia, na kama halisikii basi ninalo jingine. Mama hakunikemea. Alitandika shuka yake nyeupe ya kanisani sakafuni, akaanza kumkunja ndani yake mke mwenzake.

Baba alirudi jioni, akapewa habari akiwa bado hajavua viatu. Alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba, na ardhi ya Pasiansi unaijua, ukipiga jembe mara mbili, ya tatu ni jiwe. Kaka alikuwa amekimbilia kibandani kwake. Nilimfuata baba nikasimama.

Akaacha kuchimba. Akaniuliza bila kunitazama, "Wewe ndiye uliyekuwa na yale maji kila siku. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba. Mara tatu."

Nilimwona anakumbuka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zilimpita usoni moja moja. Akaegemea mpini wa jembe.

"Nilidhani unaongea tu," akasema.

Nikamnyang'anya jembe. Shimo lilikuwa halijafika hata magotini, na jua linazama. Akafungua mdomo aongeze neno.

"Usiseme, baba," nikamwambia. "Leo usiseme kitu."

Akakaa juu ya jiwe na mikono yake mapajani, akaniacha nichimbe.