Kiboksi cha Sebuleni kwa Mama

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na hasira zangu ziko karibu. Wanafunzi wangu wa Buzuruga ni mashahidi. Kwa hiyo niliposema nitaunda kompyuta ya kumwonyeshea mama video za nyumbani, hakuna aliyethubutu kunicheka mbele yangu.

Mama ana presha ya macho. Daktari alishatuambia kilichopotea hakirudi, tunapigania kilichobaki. Anaona katikati tu, pembeni ni giza, na giza lenyewe linasogea. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mahali pekee alipobaki akitembea na kuongea ni kwenye mkanda wa video wa sendoff yangu, sherehe ya kuniaga nilipokwenda kuolewa, pale alipokamata kipaza sauti akasahau kukiachia. Niliuhamishia mkanda kwenye diski, nikaapa mama atamwona mumewe tena, kwenye runinga kubwa, kabla macho hayajafunga.

Runinga yake ya zamani ililikataa faili lile katakata, ndipo nikaamua kuunda kompyuta. Mama naye akaweka sharti.

“Sebule yangu si ofisi. Sitaki dude.”

Basi nikanunua mjini boksi dogo, upana wake kama Biblia mbili zilizolazwa sambamba, na madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ndogo ya kuingia humo. Jamani! Vidole vyangu vilikuwa vinene kuliko nafasi. Waya zilikuwa nyingi kuliko boksi, feni ikakwaruza waya, nikafungua, nikafunga, skrubu ikapotelea ndani nikaitafuta kwa kutikisa. Mwisho nilifunga mfuniko kwa goti. Ikawaka.

Niliipeleka nyumbani kwa mama, mtaa wa Pasiansi, nikaiweka kando ya runinga, nikamfundisha rimoti. Jioni yake akapiga simu.

“Mwanangu, kimezima.”

“Kimezimaje?”

“Kimezima tu. Wageni ndio kwanza wanaingia ukumbini.”

“Si uruke mbele, mama, mpaka kwa baba?”

“Sherehe hairukwi.”

Ndivyo alivyo. Hotuba ya baba iko mwishoni, baada ya maharusi, keki, mbuzi wa ndafu na kila shangazi aliyecheza, na mama hakukubali kuruka hata shangazi mmoja. Kwa hiyo kiboksi kilikuwa kinakata roho kabla baba hajasimama.

Nilikwenda. Mimi nipo, kikafanya kazi saa nzima bila kukohoa, mama yuko jikoni ananisongea ugali kwa sababu hawezi kukaa kutazama video mtoto ana njaa. Nikagusa mfuniko: uvuguvugu wa kawaida. Nikaondoka. Kikazima. Nikalaumu umeme wa Pasiansi, nikabadili kifaa cha kupokea umeme. Kikazima. Nikamlaumu muuza duka hadi akaanza kujificha akiniona. Nikabadili diski. Kikazima! Miezi mitatu nilikwenda kila Jumamosi, naingia, shikamoo, marahaba, naelekea kwenye boksi na bisibisi. Kwangu kinafanya kazi, kwa mama kinafanya kazi nikiwepo, nikifika stendi simu inaita. Nilianza kuwaza mambo ambayo mwalimu wa fizikia hapaswi kuyawaza.

Jumamosi moja nilikwenda bila kupiga simu. Nikakuta kiboksi kimevalishwa kitambaa cha kufuma, kizito, kimekunjwa mara mbili, kimefunika mpaka matundu ya feni. Juu yake chombo cha maua ya plastiki. Ndani kinaunguruma kwa taabu.

“Mama! Unakiua!”

“Nakiua wapi? Nakisitiri. Kitu kipya kikae uchi sebuleni, watu waseme nini?”

“Mbona nikija sikikuti hicho kitambaa?”

“Ukija nakitoa. Ukikichafua kwa mikono yako ya kifundi, nani atafua?”

Loh! Na mimi nafundisha mada ya joto kila mwaka. Kila kitu katika sebule ile kina kitambaa, redio, kochi, hata mtungi wa maji, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini hicho kimoja hakina. Mganga hajigangi.

Nilikivua kitambaa, nikamkataza kupika, tukanywa chai na mkate. Tukatazama sherehe yote, shangazi kwa shangazi. Hatimaye baba akasimama, akagonga kipaza sauti kwa kidole.

“Mama, ndiye huyo!”

Nikageuka kumwangalia anavyofurahi. Alikuwa amekizungusha kiti chake, ameipa runinga ubavu, ananitazama mimi.

“Namsikia,” akasema.

“Mtazame basi, mama! Miezi mitatu nimehangaika!”

“Na mimi miezi mitatu naona mgongo wako, umeinamia hicho kiboksi. Macho yangu siku hizi hayatoshi watu wawili. Nikimtazama yeye, wewe unapotea. Baba yako namjua hata nikifumba. Wewe umeota mvi, hakuna aliyeniambia. Hebu sogea kwenye mwanga.”

Nikasogea. Nyuma yangu baba alikuwa anawaomba wakwe wanitunze. Nilitaka sana kumwona, lakini ningegeuka mama angebaki na sikio langu tu. Nikakaa hivyo hivyo, sijui nilie au nicheke, mama ananikagua paji la uso, mpaka hotuba ikaisha.