Nilivyopekuliwa kwa Ajili ya Masijala ya Siri

Mgeni alipofika mtaani kwetu Nsemulwa na kuanza kuuliza habari zangu, nilidhani najua anachotafuta.

Wakati huo nilikuwa karani wa masijala ya wazi katika ofisi moja ya serikali hapa Mpanda. Bosi wangu alipendekeza nihamie masijala ya siri, chumba chenye mlango wa chuma ambako faili halitoki bila kusainiwa. Huingii humo kabla hujafanyiwa upekuzi, yaani kuchunguzwa wewe na maisha yako yote. Nikapewa fomu ndefu: wazazi, ndugu, marafiki, kila mahali nilipowahi kuishi.

Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa Burundi. Uraia tuliupata nikiwa sekondari. Kwa hiyo hofu yangu yote ilikuwa kwenye maswali ya asili. Hayo niliyajibu kwa siku mbili, kwa mwandiko wa mtihani. Swali la kama nimewahi kutiwa hatiani mahakamani nililipita haraka. Nikaandika: Hapana.

Ukweli ni kwamba miaka minne nyuma nilitoka harusini Kasokola, mchana kweupe, nimelewa. Nikapanda pikipiki, nikamgonga mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli ya mkaa. Alichubuka mkono. Trafiki wakanipima, hakimu akanitoza faini, kesho yake nikarudi kazini. Niliyaona ni mambo ya barabarani, yameisha.

Basi yule mgeni alikaa muda mrefu kwa jirani yangu, mama wa Kisukuma anayeuza maziwa. Nilipotokea, wakanyamaza wote wawili. Nikaacha kununua maziwa yake. Ofisini, mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Tangu siku hiyo nikawa nafunga droo hata nikienda chooni. Mwishowe nikamgeukia mke wangu.

"Wewe hujaulizwa?"

"Nimeulizwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniambia nisiseme. Na ungenisumbua hivi hivi unavyonisumbua sasa."

Nikaenda kwa mama yangu kuchukua cheti changu cha uraia. Alikitoa sandukuni, kimefungwa kwenye nailoni mbili.

"Wanakitaka tena? Si walisema yameisha?"

Nikakipokea na nailoni zake, nikaondoka.

Siku ya mahojiano nilikuta wanaume wawili. Nikaweka cheti mezani kabla sijaambiwa nikae. Yule mkubwa wao akakisogeza pembeni.

"Hiki tunacho. Na Kasokola je?"

"Sina ndugu Kasokola, mheshimiwa."

"Sijauliza ndugu. Nauliza pikipiki."

Nikaeleza yote, hadi mkaa uliomwagika barabarani.

"Kwa nini uliandika hapana?"

"Nilidhani faini si kitu."

"Mtu akilijua hilo, akakwambia umletee faili moja la sivyo atalisema, utafanyaje?"

Nikaanza kukirudisha cheti kwenye nailoni zake.

"Ulevi wako una miaka minne," akasema bila ukali. "Huo tungeupima, tukaangalia kama umeacha. Hii 'Hapana' uliyoandika ni ya mwezi uliopita."

Funguo za masijala ya siri alipewa yule mwenzangu wa meza ya pili. Bosi aliniita, akasema huenda akanipendekeza tena baadaye, ila safari hiyo nijaze fomu kama mtu mzima. Niliona aibu kuliko siku ile ya mahakamani. Nilikuwa nimewashuku watu wote, kumbe aliyeficha jambo nilikuwa mimi.

Jumamosi nikachukua chupa ya maziwa, nikaenda kwa jirani.

"Baba mapacha, umepotea!"

"Kazi nyingi, mama." Nikasita kidogo. "Yule mgeni alikuuliza nini?"

"Kama unalewa. Nikamwambia zamani ulikuwa unakunywa, siku hizi sikuoni. Kwani nilikosea?"

"Hukukosea. Asili yetu hakuuliza?"

Akacheka. "Ya nini? Mimi mwenyewe nimekuja hapa na ng'ombe juzi tu."

Nikamwomba radhi kwa kumnunia. Akanipimia maziwa, akaniongeza kidogo. Lakini alipoinama kufunika ndoo, nilijikuta bado najiuliza kama ni hayo tu aliyosema.